Mguu wa kutembea kwenye mikoba ya kitambaa kizito: unapofaa na usipofaa

Mguu wa kutembea, yaani kile kibanio cha cherehani kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, ule mkubwa wenye meno yake na mkono wa uma unaokaa juu ya skrubu ya kubania sindano, husifiwa kana kwamba unaigeuza cherehani ya nyumbani kuwa ya kiwandani. Hauigeuzi. Kazi yake ni moja, na huifanya vizuri sana: kulisogeza tabaka la juu sawasawa na la chini.

Kwa mguu wa kawaida, meno ya cherehani, yaliyo chini ya kitambaa, huvuta kitambaa cha chini huku mguu ukikikwamisha cha juu. Kwenye shati tofauti haionekani. Kwenye mkoba wa turubai wenye sponji na bitana, mshono mrefu unaweza kufika mwisho cha juu kimezidi kwa nusu sentimita, na pembe hazikutani tena. Hapo ndipo mguu huu unapostahili bei yake: mishono mirefu iliyonyooka, mikanda, na bitana iliyowekewa sponji.

Kabla ya kununua, pima fimbo inayoshika mguu, maana kuna fupi na ndefu. Ondoa mguu wa kawaida pamoja na kishikio chake, panda uma juu ya skrubu ya sindano, kaza skrubu ya mguu kwa bisibisi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono mara mbili tatu ukiangalia sindano isiguse chuma. Uma ukikaa chini ya skrubu, meno ya juu hayafanyi kazi na utadhani umeuziwa kibovu. Mtikisiko hulegeza skrubu zote mbili, kwa hiyo zikague kila unapomaliza mshono mrefu.

Udhaifu wake ni wa kweli. Ni mpana, hivyo kando ya zipu urudishe mguu wa zipu. Meno yake ya juu yameundwa kwenda mbele. Ukirudi nyuma kitambaa hujikunja, basi funga mwanzo na mwisho kwa mishono mifupi sana au fundo la mkono. Na hauongezi nguvu ya mota hata kidogo. Cherehani inayokwama kwenye tabaka sita za jinzi itaendelea kukwama.

Unene hutibiwa kwingine. Sindano ya jinzi namba 100/16 hutosha kwa pande za mkoba. Kwenye mikanda na kitako weka 110/18. Sindano nyembamba hupinda ndani ya kitambaa, hukosa uzi wa bobini (uzi wa chini) na kuruka mishono, au hugonga bamba la chuma chini yake na kuvunjika. Sindano ya ngozi iachie ngozi na skai (ngozi bandia), kwa sababu ncha yake hukata nyuzi za turubai. Urefu wa mshono uwe milimita 3 hadi 4, uzi wa polyester imara, mwendo wa polepole, na usivute kitambaa kwa mkono. Punguza ukingo wa ndani kwa ngazi, tabaka moja milimita 4, jingine 8, halafu gonga makutano kwa nyundo. Ukifika kwenye kilima cha mishono, mguu huinama na mishono hufinyana. Weka nyuma yake kipande cha kitambaa kilichokunjwa chenye unene uleule ili ulale sawa, kisha vuka kwa kuzungusha gurudumu.

Bila mguu wa kutembea, mkoba wa turubai tupu wa tabaka mbili hadi nne hushonwa vizuri kabisa. Punguza mgandamizo wa mguu, bana kwa vibanio kila sentimita 3 (pini hupinda na kuhamisha tabaka), na kitambaa kinachovutika kiwe upande wa chini, meno yakimeze kilichozidi. Kwa skai, mguu wa tefloni ni nafuu na huteleza bila kunata.

Anayeshona mikoba yenye sponji mara kwa mara aununue bila kusita. Anayetaka kushona mikanda minene ya ngozi kila siku atafute cherehani ya kiwandani ambayo sindano, mguu na meno husogeza kitambaa kwa pamoja.