Uzoefu wangu wa kukatia baiskeli bima jijini London

Baiskeli yangu ya kwanza ya maana hapa London, yenye thamani ya pauni 1,150, niliipata miaka minne iliyopita kupitia mpango wa Cycle to Work, ambao tangu mwaka 1999 umemwezesha mfanyakazi kulipia baiskeli kidogo kidogo kwa fedha zinazokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Jambo ambalo sikulitilia maanani nilipotia saini ni kwamba katika kipindi chote cha makato baiskeli huwa bado ni ya kukodi, na ikiibwa mwezi wa tatu, makato huendelea hadi mwisho kana kwamba bado unaiendesha. Hilo ndilo lililonisukuma kutafuta bima, kwa kuwa sheria ya Uingereza haimlazimishi mwendesha baiskeli kuwa nayo.

Nilidhani bima ya vyombo vya nyumbani ingetosha. Nilipousoma mkataba wangu nilikuta kwamba kitu kimoja hakifidiwi kupita kiwango fulani mpaka kiwe kimeorodheshwa peke yake, na kwamba ulinzi wenyewe unakomea mlangoni usipoongeza malipo. Baiskeli yangu haikuwa na hofu ikiwa sebuleni. Hofu ilikuwa kwenye vyuma vya kufungia vilivyo nje ya kituo cha treni, inakoshinda kutwa nzima.

Basi nikachagua kampuni kwa kuangalia bei peke yake: pauni 64 kwa mwaka. Mwezi wa saba nilitoka kazini nikakuta gurudumu la mbele halipo. Nilikuwa nimefunga fremu pamoja na gurudumu la nyuma, lakini la mbele lilishikiliwa na kile kikono kinachofunguka bila spana. Kampuni ilikataa kulipa, kwa maelezo kwamba vipuri hufidiwa pale tu vinapoibwa pamoja na baiskeli nzima. Nilikasirika, kisha nikafungua mkataba na kuikuta sentensi hiyo imeandikwa waziwazi, sikuisoma tu. Tena hata wangekubali nisingepata kitu, kwa sababu mkataba ulinitaka nibebe mwenyewe pauni 150 za mwanzo za hasara yoyote, na gurudumu jipya liligharimu pauni 90. Kifungu kingine kilisema fidia ingepunguzwa kila mwaka kwa ajili ya uchakavu.

Mkataba huo ulipoisha nilihamia kampuni inayoshughulika na baiskeli tu, kwa pauni 118 kwa mwaka, kodi ya bima ya asilimia 12 ikiwa humo humo. Kabla ya kulipa niliwapigia simu nikauliza maswali kwa karibu nusu saa, na mengi yalihusu kufuli. Kampuni nyingi hapa hufuata madaraja ya Sold Secure, taasisi inayopima makufuli tangu mwaka 1992, na kwa thamani ya baiskeli yangu walitaka daraja la Gold. Nilinunua kufuli la chuma lenye umbo la herufi U kwa pauni 70, zito kiasi kwamba babu yangu kule Tanga, ambaye Foniksi yake ilifungwa gurudumu la nyuma kwa kikufuli cha duara, angeniuliza kama ninafunga baiskeli au ghala. Masharti mengine yalikuwa kwamba fremu ifungwe kwenye kitu kisichong'oka, baiskeli isiachwe nje mahali pamoja zaidi ya saa 24, na kwamba ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa, unaotumiwa na wapangaji wote, uhesabiwe kuwa ni nje.

Kwa sababu ya sharti hilo la mwisho nilikuwa nikiifunga baiskeli hata ukumbini kama iliyo nje, na hilo liliniokoa Novemba iliyopita, wezi walipoingia ukumbini kwetu, wakakata kufuli kwa grenda na kuondoka nayo. Kampuni ilitaka risiti ya baiskeli, risiti ya kufuli, ufunguo wake, picha ya mahali palipofungiwa na namba ya taarifa ya polisi, ile ambayo nyumbani tungeiita RB. Namba ya fremu nilikuwa nimeisajili mapema BikeRegister, daftari la kitaifa la kusajili baiskeli, kwa hiyo sikuhangaika kuitafuta. Walilipa siku ya 19, baada ya kukata pauni 75 za mwanzo nilizotakiwa kuzibeba mwenyewe, bila kugusa suala la uchakavu. Kasoro niliyoiona ni kwamba hawakunipa fedha taslimu: walinipa hati ya kununulia katika duka walilolichagua wao, na baiskeli ya aina niliyoipenda haikuwapo.

Kinga ya madai ya mtu mwingine, endapo nitamgonga mpita njia, sikuichukua kwao, kwa kuwa mimi ni mwanachama wa Cycling UK, chama cha waendesha baiskeli, na uanachama huo tayari unaijumuisha.

Mwaka huu wamepandisha bei hadi pauni 139. Nimehamia nyumba yenye banda bustanini, na nilipowauliza walisema banda lenye kufuli halitoshi, bali baiskeli ifungwe humo kwenye pete ya chuma iliyozamishwa ndani ya zege. Pete nimeshaiweka na picha nimewatumia. Nasubiri waniandikie kwamba wameikubali ndipo nilipe.