Palmaresi ya Exetat: inamwambia nini mzazi wa Lubumbashi anayetafuta shule?

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala mshindani. Ni palmaresi, yaani orodha ya matokeo ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo, Exetat, ambayo Wizara ya elimu huitoa kila mwaka, na ambayo kwa mzazi wa Lubumbashi ni karibu hati pekee ya Serikali inayosambaa wazi na kumwezesha kulinganisha shule moja na nyingine. Sisi wazazi tunaitumia kama wengine wanavyotumia bei sokoni: kabla mwezi wa tisa haujafika, kabla ya kulipa hata franka moja ya kuandikisha mtoto, tunauliza shule ile "ilitoa ngapi". Kwa kuwa tunaitegemea kiasi hicho, ni haki kuipima yenyewe.

Nianze na ubora wake, kwa sababu upo. Mtu akiifungua orodha hiyo anakuta jina la shule, kodi yake (namba ya utambulisho) na opsio, yaani mchepuo wa masomo; kisha idadi ya walioandika mtihani na wangapi kati yao ni wasichana; kisha idadi ya waliofaulu, nao vilevile wasichana wakitajwa kando. Chini yake yanafuata majina, kuanzia mwenye asilimia ya juu hadi wale waliogusa 50, ambayo ndiyo mpaka wa kupita. Walioanguka hawatajwi kwa majina, na hilo naliona kuwa adabu nzuri kwa upande wa Serikali, maana mtaa una njia zake za kujua bila kusaidiwa na Wizara. Mtihani huu upo tangu 1967, unaandikwa nchi nzima kwa siku hizohizo, na mtoto wa Katuba, hapa mjini, anaulizwa kwa programu ileile anayoulizwa nayo mtoto wa Kinshasa au wa Bukavu. Katika nchi ambamo mambo mengi ya umma hayana kipimo kimoja, hiki si kitu cha kudharau.

Upatikanaji nao umekuwa bora kuliko zamani. Wakati wa wakubwa wetu watu walisubiri gazeti au redio. Siku hizi mwanafunzi anatuma kodi yake kwa simu na ujumbe unarudi, huku orodha za shule zikizunguka katika makundi ya WhatsApp ya wazazi kabla jioni haijaingia. Siku hiyo Lubumbashi inajitangaza yenyewe: katika komuni za Kenya, Kamalondo na Ruashi vijana wanapita barabarani wakiwa weupe kwa poda kuanzia nywele hadi viatu, mama zao wakiwafuata kwa vigelegele, na mwenye duka la poda akifanya biashara ya mwaka mzima. Lakini ujumbe wa simu unamhusu mtoto mmoja tu, na mzazi anayetafuta shule ya mwaka ujao haumsaidii chochote. Yeye anahitaji orodha nzima, na hiyo mara nyingi inamfikia kama picha ya ukurasa iliyokatwa, isiyoonyesha hata ni ya mwaka gani.

Kasoro kubwa, hata hivyo, haimo katika njia inayotumika kuisambaza. Imo katika namba ambayo kila mtu anaishika na kuiacha ile inayoifafanua. Shule hutundika vitambaa vya matangazo ukutani, na kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni asilimia. Tuseme shule moja imepeleka wanafunzi 12 na wote wamepita: hiyo ni 100%. Nyingine imepeleka 140, wakapita 105: hiyo ni 75%. Ya kwanza itapata foleni ya wazazi na ya pili itaitwa shule iliyoshuka, ingawa ndiyo iliyowafikisha vijana 105 kwenye diploma, tena pengine katika vyumba vilivyojaa. Niliwahi kumsikia mama mmoja, mbele ya ofisi ya prefe, yaani mkuu, wa shule ambayo sitaitaja, akiambiwa kwa majivuno: "Mama, kwetu walipita wote." Akajibu kwa upole: "Bwana prefe, na walikuwa wangapi?" Prefe akafungua rejista, akaifunga, akaanza kueleza habari za nidhamu na unifomu.

Tena asilimia hiyo haisemi walioanza walikuwa wangapi. Shule inaweza kuwa na darasa kubwa mwaka wa kwanza wa humanite (sekondari ya juu) na kufika mwaka wa mwisho na kikundi kidogo, kwa sababu waliokuwa dhaifu waliambiwa warudie au watafute shule nyingine, nao wakaenda kuandikishwa mahali penye mlango mpana zaidi. Shule iliyowapokea inabeba kuanguka kwao na shule iliyowaondoa inabeba sifa. Palmaresi haina mahali popote pa kuandika jambo hilo. Opsio inaitaja, lakini haionyeshi tofauti ya uzito wake kama inavyostahili: Pedagojia, Biashara, Ufundi wa Umeme na Sayansi ni mitihani ya uzito na aina tofauti, lakini katika mazungumzo ya mtaani yote yanamiminwa katika namba moja ya "shule ile". Na nisiseme mengi juu ya wizi wa mtihani, kwa kuwa kila msomaji wa mji huu anajua jinsi majibu ya uongo na ya kweli yanavyouzwa kwa simu asubuhi ya mtihani. Inatosha kusema kwamba pale usimamizi unapolegea, orodha inapima ulegevu huo pamoja na akili za watoto.

Sasa tuje kwenye swali ambalo palmaresi hailigusi kabisa, nalo ni la nani anaiongoza shule unayoiona kwenye orodha. Mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa. Ikashindwa kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba na Kanisa Katoliki, Waprotestanti na Wakimbangu (kanisa la wafuasi wa Simon Kimbangu), ambao uliwarudishia usimamizi huku shule zikibaki za umma. Waislamu na jumuiya nyingine waliingia katika mpango huo baadaye. Ndiyo maana leo shule ya umma ya Lubumbashi inaweza kuwa ya Serikali moja kwa moja au ya mkataba: Serikali inalipa walimu, inaweka programu na kutuma mainspekta, ilhali kanisa, kwa njia ya ofisi yake ya uratibu, linasimamia shule siku kwa siku na lina neno kubwa katika kumweka mkuu wake. Shule za binafsi zilizokubaliwa zinafuata programu hiyohiyo na kuandika mtihani huohuo. Katika palmaresi zote zinasimama mstari mmoja. Msomaji mzoefu atabahatisha kwa jina, kwani "Complexe scolaire" mara nyingi ni ya binafsi, lakini hati ya Serikali isingepaswa kumwachia mzazi kazi ya kubahatisha ni shule zipi zinaendeshwa kwa fedha za Serikali hiyo.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Mzazi akiwa na malalamiko, inamgusa mara moja. Mimi niliwahi kuuliza, katika ofisi moja ya elimu hapa mjini, kwa nini wanafunzi wa shule ya umma wanatozwa fedha ambazo hazimo katika amri ya gavana inayopanga ada za sekondari. Niliambiwa niende kwa waratibu wa kanisa. Huko nikaambiwa kwamba habari ya fedha ni ya ukaguzi. Kwenye ukaguzi nikaambiwa, kwa adabu kamili, kwamba wao wanaangalia ufundishaji. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Mamlaka yamegawanywa vizuri kiasi kwamba lawama haipati pa kukaa.

Mizizi ya jambo hilo ni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa imepoteza thamani na migomo ikafunga madarasa, wazazi walianza kulipa primu, yaani nyongeza ya mshahara, ili mwalimu arudi ubaoni. Kilichokuwa dawa ya dharura kikawa desturi, na kwa muda mrefu shule ya umma ya Kongo iliendeshwa na mfuko wa mzazi zaidi ya hazina ya Serikali. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, lakini utekelezaji wake ulianza kwa kweli Septemba 2019. Watoto walirudi kwa wingi, na madawati yaliyokuwa ya wawili yakapokea watatu au wanne. Naunga mkono uamuzi ule bila kusita. Ila mtu asitafute matunda yake wala madhara yake katika palmaresi za sasa: mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule, akisoma bila kurudia, atafika kwenye Exetat mwaka 2031. Mpaka hapo, orodha inayotumika kuhukumu shule inazungumza juu ya watoto wa enzi ya primu. Tathmini ya PASEC ya 2019, inayopima shule za msingi za nchi zinazotumia Kifaransa na ambayo Kongo ilishiriki, ilionyesha kwamba watoto wengi wanamaliza shule ya msingi bila kufikia kiwango kinachotakiwa katika kusoma na hesabu. Hiyo ni habari nzito, lakini ni ya nchi nzima, na mzazi wa Kampemba hawezi kuitumia kujua shule iliyo karibu naye ikoje.

Na shule iliyofanya vizuri inapata nini? Hapa huduma inapungua sana. Mwanafunzi bora anaweza kutazamwa: tangu 2019, mpango wa Excellentia wa wakfu wa Mama Denise Nyakeru Tshisekedi, mke wa Rais, umekuwa ukiwapa ufadhili wa masomo wahitimu wenye alama za juu, na hilo limewafungulia njia vijana ambao wazazi wao wasingeweza. Lakini shule iliyomlea inabaki na jina lake gazetini na foleni ndefu mwezi wa tisa, basi. Mwalimu aliyekaa na watoto 60 akawafikisha kwenye 65% hapati cheti, hapati vitabu, na kama bado hajaingia katika orodha ya malipo ya DINACOPE, idara ya Serikali inayoandaa mishahara ya walimu na iliyochukua nafasi ya SECOPE, hapati hata mshahara.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Marekani ilianzisha mwaka 1982 tuzo ya Utepe wa Bluu kwa shule, ambamo majimbo yalipendekeza shule zao, na baadaye ikawa na milango miwili: mmoja wa shule zenye matokeo ya juu, mwingine wa shule zilizopunguza pengo kati ya wanafunzi wao wenye hali tofauti. Mlango huo wa pili ndio ninaoutamani kwetu. Takwimu za kuanzia zimo tayari katika palmaresi yenyewe: idadi ya wasichana walioandika na waliopita ipo, ya mwaka jana ipo, ya mwaka juzi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka pamoja kwa kila shule na kusema kwamba hii imepanda kutoka chini bila kumfukuza mtoto.

Nikitakiwa kutoa nyota, ninaipa palmaresi tatu kati ya tano: moja kwa mtihani ulio mmoja kwa wote, moja kwa kasi, na moja kwa kuhesabu wasichana kando tangu muda mrefu. Mbili zilizobaki nimezizuia kwa sababu ya ukimya wake juu ya usimamizi wa shule na juu ya walioachwa njiani. Mzazi anayeitumia mwaka huu aombe orodha za miaka mitatu mfululizo, asome opsio ya mtoto wake peke yake, aangalie idadi ya walioandika kabla ya asilimia, na aulize darasa hilohilo lilikuwa na wanafunzi wangapi miaka miwili nyuma. Shule zinazoshika rejista zao vizuri hujibu swali hilo la mwisho papo hapo, tena kwa furaha, na risiti ya ada wanaiandika bila kuombwa.