Ndege ya pili ya rimoti: Mustang au ndege ya michezo ya bawa la chini?
Ukishazoea ndege ya kujifunzia, ile ya bawa juu inayojinyoosha yenyewe ukiachia vijiti, macho hukimbilia P-51 Mustang, mfano wa ndege ya kivita ya zamani. Nzuri, sikatai. Ila bawa lake linapungua upana kuelekea nchani: ukipunguza mwendo mno wakati wa kutua, upande mmoja unadondoka ghafla na pua inachimba ardhi. Tena gurudumu dogo liko mkiani. Kwenye nyasi ndefu inapinduka mbele na kupiga pua chini.

Ndege ya michezo ya bawa la chini, lenye upana uleule mwanzo mwisho, haina sura ya kivita. Lakini ukiilaza ubavu inabaki hivyo mpaka uirudishe mwenyewe, na inatua taratibu. Ningenunua hiyo. Mustang isubiri.