Kanisa lililogeuzwa ukumbi wa sanaa: karibuni, ila msipige vigelegele

Mwenye haraka achukue jibu aende zake: nyota mbili kati ya tano. Mwanzo nilitia moja. Mume wangu akasema hiyo ni ya hasira, nikaongeza. Nikifika mwisho wa maandishi haya huenda nikaipunguza tena, sijui.

Jina la jengo silitaji. Ni kanisa la zamani la Kianglikana kaskazini mwa Uingereza, la enzi ya Malkia Victoria, lenye mnara mrefu na vioo vya rangi. Waumini walipungua hadi likafungwa, likakaa tupu, wezi wakabandua mabamba ya madini ya risasi yaliyoezeka paa, njiwa wakahamia. Kisha watu wa mtaani wakachanga, wakaomba zile fedha za bahati nasibu ya taifa zinazotengwa kwa majengo ya urithi, wakaligeuza kituo cha sanaa cha jamii. Sasa kuna madarasa ya ufinyanzi, maigizo ya watoto, picha ukutani, na kahawa ya bei ya kutisha. Hayo mtayasoma kwenye vipeperushi vyao. Mimi nimekuja kusema juu ya kisanduku.

Tulikodi kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile 7 Julai iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Siyo Julai hii iliyopita, lakini si zamani vile, kwa sababu bado inaniwasha. Mji wetu una watu wa Unguja, wa Mombasa, wa Barawa, Wangazija, na Wakongo wa Bukavu na Uvira. Kila kundi lina sherehe zake na ugomvi wake, na safari hii tukasema tukae pamoja usiku mmoja: mashairi, kidumbak, taarab, biriani.

Kuwashawishi wazee haikuwa kazi ndogo. Mzee mmoja wa Kibarawa aliniita pembeni. "Mwanangu, ni kanisa?" Nikamwambia lilikuwa, baba. Akanyamaza. Nikamkumbusha msikiti wa Brick Lane kule London, ambako yeye mwenyewe ameswali: ulijengwa 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso kwao, baadaye ukawa wa Wamethodisti, mwishoni mwa karne ya 19 ukawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti. Mzee akafikiri, akauliza kama chooni kuna maji. Nikasema yapo. Basi akaja.

Mama mmoja wa Bukavu naye aliingia, akageuza shingo kutazama dari la mbao na nguzo za mawe, akaguna. Kanisa lao wao, ambalo Jumapili watu hukosa pa kusimama, linasali ndani ya godauni nyuma ya gereji ya matairi. "Wenye kanisa hawana watu," akasema, "na sisi wenye watu hatuna kanisa." Na wala si hapa tu. Kule Finsbury Park, London, ukumbi uliokuja kuitwa Rainbow, ambamo Jimi Hendrix alichoma gitaa lake jukwaani mwaka 1967, leo ni kanisa. Sinema zinageuka makanisa, makanisa yanageuka kumbi za muziki, na dalali anakula pande zote mbili.

Sasa kisanduku. Ni kidude cheupe kimebandikwa ukutani juu ya mlango wa iliyokuwa sakristia, chumba cha kuvalia makasisi, kina maiki ndogo na taa tatu: kijani, njano, nyekundu. Kazi yake ni kusikiliza. Sauti ikipita kiwango walichokipanga na kukaa hapo sekunde chache, kinakata umeme wa soketi za jukwaani. Hakipunguzi sauti, kinakata. Spika kimya, miksa kimya, kinanda kimya. Halafu umngoje mtu mwenye funguo aje kukiwasha, naye yuko ofisini na mlango ameufunga. Kwenye mkataba kilipewa mstari mmoja tu, baina ya masharti ya mishumaa na masharti ya kuegesha magari: ukumbi una mfumo wa kuwalinda majirani dhidi ya kelele. Ukisoma hivyo unadhani ni mapazia mazito.

Fundi mitambo wetu, kijana wa Tanga mwenye subira ya ajabu, alikiona mapema, akashusha sauti mpaka udi ukawa unanong'ona. Mashairi yakapita salama. Tatizo lilianza Bi mkubwa wetu alipopanda kuimba. Akafika kwenye kiitikio, kina mama wakainuka na noti mikononi kwenda kumtunza, na vigelegele vikapanda. Njano. Nyekundu. Kimya. Vijana wa nyuma wakapiga makelele kwamba mgao umetufuata hadi Ulaya.

Anayeijua taarab anajua maana ya kukatiwa pale. Fumbo limeshatupwa, jibu lake liko kwenye ubeti unaofuata, na aliyekusudiwa kakaa meza ya pembeni, uso umeanza kubadilika. Ukikata hapo umekata usiku wote.

Pakawashwa, wakaanza upya. Wakafika pale pale, vigelegele, pakakatika. Fundi akazima nusu ya spika. Pakakatika tena. Kumbe spika hazikuwa na kosa lolote! Kisanduku hakitofautishi spika na koo. Kinachohesabu ni sauti iliyomo ndani, na koo za kina mama wa Kiswahili chini ya dari refu la kanisa hazihitaji umeme.

Ndipo akaja yule bwana wa funguo. Hakuja kwangu niliyetia saini. Hakwenda kwa fundi. Alipanda jukwaani moja kwa moja, akasimama mbele ya Bi mkubwa, mtu aliyeanza kuimba huyo bwana hajazaliwa, akamwambia kwa ule upole wa Kiingereza unaochoma kuliko tusi: awaambie wanawake wake waache huo ukelele.

Wanawake wake. Ukelele.

Bi mkubwa Kiingereza chake ni cha dukani. Akanigeukia: "Anasemaje huyu mwanangu?" Watu wote wananitazama. Nikasema, anatupongeza, Bi mkubwa, anasema hajapata kusikia kitu kama hiki. Uso ukamkunjuka. Akamshika yule bwana mkono, akageukia ukumbi: "Haya wanangu, mpigieni mwenyeji wetu!" Na wakampigia. Walimpigia vigelegele mpaka akawa mwekundu kama ile taa.

Mtanisamehe nikicheka, lakini usiku ule sikucheka. Nilitetemeka. Kipeperushi chao kimeandika kwa herufi kubwa kwamba hii ni nyumba ya jamii nzima. Jamii ipi hiyo isiyopiga kelele? Ukija na filimbi na fidla mbili na watu wanaopiga makofi kwa vidole, wewe ni jamii. Ukija na kidumbak na shangazi zako, wewe ni suala la majirani. Na wakati yule bwana yuko hapo hapo akinieleza habari za majirani, saa ya mnarani ikagonga saa tatu usiku, mipigo tisa kamili ya chuma juu ya vichwa vyetu, glasi zikatikisika mezani. Nikamwuliza kama kengele nayo imeandikiwa barua ya malalamiko. Akasema kengele ni ya kihistoria.

Hapo mngeniuliza nyota, ningewaambia niwatilie sifuri.

Lakini haki isemwe. Wakati wa kuosha vyombo, mama mmoja wa kujitolea, Mwingereza, mtu wa heshima zake, alinieleza kinachoendelea. Paa lile liliwafilisi kabla hawajafungua. Ili walimalize waliuza jengo la shule ya parokia lililokuwa ubavuni, likageuzwa fleti, na vyumba vya kulala viko hatua chache tu kutoka madirishani. Na madirisha yenyewe ndiyo yale ya urithi, vipande vya kioo vyembamba vilivyoshikwa kwa risasi. Sauti inavuja humo kama maji kwenye kapu. Kubandika kioo cha pili kunataka kibali, kwa kuwa jengo limeorodheshwa kuwa la urithi, na kunataka fedha. Tangu 2018 mwongozo wa serikali wa mipango miji Uingereza unasema anayejenga nyumba karibu na ukumbi uliokuwepo ndiye abebe mzigo wa kuzuia kelele. Ila hapa waliouza fleti ni wenyewe, na wenye fleti walikwisha kuingia kabla kibali cha muziki hakijaombwa. Halmashauri ikasema sawa, muziki upo, lakini tieni kisanduku.

Nilipoyasikia hayo hasira ilipungua kabisa. Waliuza ubavu ili waokoe mwili, ningefanya nini mimi? Kisha nikakumbuka "wanawake wako", ikarudi yote.

Na siyo kwamba haiwezekani. Paradiso ya Amsterdam ni kanisa la karne ya 19. Mahipi walilivamia 1967, mwaka uliofuata likafunguliwa rasmi, na mpaka leo bendi zinapiga mle ndani. Kanisa la St Luke's pale Old Street, London, paa lake liliondolewa kwa sababu ya kutitia kwa ardhi, likakaa gofu zaidi ya miaka 40, na 2003 likafunguliwa upya kuwa nyumba ya mazoezi na masomo ya Orkestra ya London Symphony. Glasgow nako kuna Òran Mór, kanisa lililochorwa dari zima na msanii Alasdair Gray, ambako mchana unakula pai, unakunywa, unatazama mchezo wa kuigiza. Najua, hao wana fedha au wana jina, na jengo letu halina hata moja. Lakini adabu hailipiwi kodi ya ongezeko la thamani.

Sasa niseme lile nisilotaka kulisema. Baada ya ile zawadi ya vigelegele, yule bwana alikataa kuwasha tena. Akaondoka na funguo zake. Fundi akaanza kukunja nyaya. Mpiga fidla, bila kumwuliza mtu, akashuka jukwaani akasimama katikati ya watu, mwenye sanduku, lile besi la boksi na kamba, akamfuata, wakaja wa ngoma za dumbak na wa cherewa, zile njuga za kutikisa, na Bi mkubwa akaletewa kiti. Wakaanza hivyo hivyo, mikono mitupu.

Na maneno yakasikika. Yote. Tangu jioni tulikuwa hatusikii mashairi vizuri, tukidhani ni maiki mbovu. Kumbe spika zilikuwa zinapiga kuta zote kwa mpigo, mwangwi wa neno moja unarudi na kukaa juu ya neno linalofuata, na vina vyote vinageuka uji. Mwimbaji akikaa kati ya watu wake bila mashine, neno linakufikia kwanza, mwangwi unakuja nyuma taratibu. Wale waliolijenga enzi hizo walikuwa hawana umeme, na walijua wanachofanya. Lile fumbo lililokatwa lilimaliziwa, na aliyekusudiwa alijua limemfika, kwa sababu alikwenda kuangalia gari lake na hakurudi mpaka biriani. Taa nyekundu ikabaki inawaka mpaka mwisho, haina cha kukata. Mzee wa Kibarawa alikuwa anapiga meza kwa vidole, macho kafumba.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ukumbi ni mzuri, nitakwambia sijawahi kuingia ukumbi mzuri kama ule katika nchi hii. Ukiniuliza kama nakushauri ukodi, hapana. Ukiwa na spika, hapana kabisa. Ukiwa na harusi, kimbia.

Halafu wakakata nusu ya amana yetu, eti tumekiuka masharti ya kelele. Nimeandika barua pepe kuuliza tulikiuka kwa kifaa gani, ikiwa umeme waliuzima wenyewe. Nikajibiwa kwamba suala langu limepokelewa. Nikaandika tena. Limepokelewa.

Kamati imeshakutana kupanga ya mwakani. Kuna ukumbi wa shule, una zulia, maegesho, dari fupi, bei nafuu, hauna kisanduku. Mimi nimeupigia kura, na wengi wamenifuata. Bi mkubwa hataki hata kusikia. Anasema kwenye shule sauti inafia miguuni, yeye anataka kule kule kwa yule kijana mwenye adabu aliyetupongeza, na safari hii msilete mashine zenu. Na kwake yeye kura haihesabiwi, akisema kasema.

Nimeulizia tarehe. Wamejibu siku ile ile, tena kwa bashasha, na masharti wameambatanisha. Safari hii kelele imepewa ukurasa mzima. Nyota naziacha mbili. Wakirudisha amana, tatu. Bi mkubwa ameagiza yule bwana azawadiwe kikoi, kimeshanunuliwa, na wa kukipeleka nimechaguliwa mimi.