Taa ya nje ya vioo vya rangi: kazi ya kioo safi, umeme bado

Kwa mwenye haraka: ukiwa na taa ya zamani ya vioo vya rangi, fundi wa vioo niliyemtumia hapa Mji Mkongwe, Unguja, mpelekee bila wasiwasi. Waya na holda tafuta mtu mwingine.

Yetu ni kandili ya pembe sita, inaning'inia nje juu ya mlango. Fremu ni ya chuma, na vioo vyekundu, bluu, kijani na rangi ya asali vimeshikwa kwa mikanda ya risasi, yaani ile metali laini. Pande mbili zilikuwa na nyufa, na nyumbani kesi ilishaamuliwa: ni watoto na mpira wao. Fundi akawatoa hatiani. Alinionesha kwamba kila ufa ulianzia ukingoni, pale kioo kinapoingia kwenye fremu. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na kioo kilichobanwa humo hakina pa kwenda ila kupasuka. Kwa upepo huu wa bahari unaotupiga kaskazi na kusi, sishangai tena.

Nililolipenda zaidi ni kwamba hakuifumua taa nzima. Pande nne zilizokuwa imara aliziacha na risasi yake ya zamani. Zile mbili, kabla ya kugusa chochote, alilaza karatasi juu yake akasugua penseli mpaka mistari yote ikajichora, kisha akatia namba kila kipande. Kuosha, maji na sabuni laini tu. Bi mkubwa wetu alishaandaa ndimu kama anavyofanyia vyombo vya shaba, fundi akamzuia kwa adabu: asidi hula risasi, iwe ya ndimu au ya siki. Na vumbi la risasi ni sumu, kwa hiyo watoto hawakuruhusiwa kusogea mezani kwake, na yeye mwenyewe hakugusa hata kikombe cha kahawa kabla ya kunawa.

Kwenye maungio alitumia lehemu ya bati na risasi, ambayo huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 200, ilhali risasi yenyewe husubiri hadi nyuzi 327. Nafasi hiyo ndiyo inayomwokoa fundi, ingawa mwenye mkono mzito atatoboa mkanda tu. Mwisho alisukumia chini ya mikanda puti ya mafuta ya kitani na unga wa chaki, mvua isipenye. Hapo ndipo muda ulipozidi ahadi, maana puti haina haraka. Sikulalamika.

Kioo chekundu kilisumbua. Aliniambia waziwazi kwamba cha kupaka rangi kitababuka juani, akapata kipande kutoka dirisha bovu la nyumba ya zamani. Mchana ukikitazama sana utaona kimekoza kuliko wenzake. Mimi naona sawa, mke wangu haoni sawa.

Sasa umeme. Taa ilirudi na waya mwembamba wa nyuzi mbili na holda ya plastiki, bila waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Taa ya chuma, nje, masika yanakuja, volti 230! Fundi umeme wa mtaani aliing'oa yote, akaweka waya wa nyuzi tatu, ethi ikafungwa kwenye fremu, na holda ya kauri. Hiyo ilikuwa gharama ya pili ambayo nilistahili kuambiwa mapema.

Balbu pia ichague vizuri. Ya LED ya 6500K, yenye mwanga mweupe wa kibluu, ilizifanya nyekundu na asali zionekane zimechujuka, kama vile za vioo vya Zahanati ya Kale, lile jengo la kihistoria pale Mizingani, ukizitazama siku ya mawingu. Ya 2700K, yenye mwanga wa manjano, ilirudisha rangi zote, na kwa kuwa LED haitoi joto kali kama balbu za zamani, puti na lehemu zitapumua.

Bei ilikaribia ya taa mpya ya dukani, nami ningelipa tena. Ila ulizeni kabla kama kukwangua kutu na kupaka fremu rangi kumo ndani ya bei. Kwangu hakukuwamo.