Miezi kumi na minane na vitabu vya Bwana Msa

Kwetu Lamu, mgeni akiketi barazani haulizwi kwanza jina lake wala kazi yake, bali huulizwa yeye ni mwana wa nani, na akishajibu, wazee huifuata nasaba yake mtaa kwa mtaa, kutoka Mkomani mpaka Langoni, hadi wampate jamaa wanayemjua. Nadhani ndiyo sababu vitabu vya Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Unguja, vimenikaa moyoni kuliko hadithi nyingine zozote za upelelezi nilizowahi kuzisoma. Nimevisoma vyote saba kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960 mpaka Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984.

Bwana Msa ana kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, na deni lake kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, halikufichwa. Hata hivyo, Holmes hufanya kazi London, mji mkubwa wa watu wasiojuana, ilhali Bwana Msa yumo mahali ambapo kila mtu ni shemeji, mtalaka au mjomba wa mwenziwe. Kwa hiyo hawezi kutosheka na alama za nyayo. Sharti ajue nani alimwoa nani, nani aliachwa na kwa sababu gani, na nani alilelewa na mtu asiyemzaa.

Kitabu cha kwanza na cha pili, Kisima cha Giningi (1968), humtisha msomaji kwa majina yake tu, maana Giningi kwa watu wa visiwani ni makao ya wachawi. Mwandishi anaiacha hofu hiyo itutambae vizuri, kisha anatuonyesha kwamba mkono uliofanya uovu ni wa binadamu, na aghalabu binadamu huyo hakutoka mbali. Vitabu vya miaka ya 1970 ndivyo nivipendavyo zaidi. Kuanzia Duniani Kuna Watu (1973), mauaji yanapungua uzito na fumbo lenyewe linakuwa ukoo: urithi, ndoa zilizofichwa, watoto wasiojua asili yao. Mapenzi humo si maneno matamu ya vijana tu, kwa kuwa hayana amani maadamu siri ya wazazi haijafunuliwa.

Kimoja wapo nilikisoma kwa sauti, jioni baada ya jioni, kwenye daka la nyumba ya shangazi yangu, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Tulipofika katikati alininyamazisha kwa mkono akauliza, "Mwanangu, mama wa kijana huyu aliachwa lini?" Nilimjibu kwamba kitabu hakijasema. "Basi hapo ndipo pana jambo," akasema, akarudi kwenye kofia aliyokuwa akiishona. Kurasa nyingi baadaye Bwana Msa alifika palepale, kwa mwendo mrefu na moshi mwingi wa kiko. Sitataja ni kitabu kipi, nisije nikamnyima msomaji raha yake.

Nilipojua kwamba Abdulla alianza kazi kama mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti, sikushangaa. Mkaguzi wa afya huingia mpaka uani, huona kisima na jiko, na husikia yanayosemwa huko nyuma.

Yapo yaliyoniudhi. Bwana Msa huficha mfukoni dalili ambazo msomaji alistahili kuonyeshwa, kisha hutuhutubia mwishoni kana kwamba sisi ndio wazito wa kufahamu. Sadfa ni nyingi mno, na nasaba za Mke Mmoja Waume Watatu (1975) zilinilazimu kuchora mti wa ukoo nyuma ya daftari la hesabu za dukani. Nakala nzuri pia ni shida kuzipata. Moja niliyoinunua kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika huko Malindi ilikuwa imeandikwa jina la mhalifu ukurasa wa 9, kwa wino mwekundu, na mwanafunzi aliyechoka kusubiri.

Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye mizaha na mafumbo, na sisi tuliokua tukisema "ndia" na "mato" kwa njia na macho huchelewa kidogo kuuzoea mwendo wake. Ukishauzoea, mazungumzo yake hukuchekesha peke yako. Ningemshauri anayeanza aanze na kile cha 1960, akiruke cha pili akitaka, na asikikaribie Kosa la Bwana Msa kabla hajamzoea Bwana Msa mwenyewe, kwa sababu kosa la mtu usiyemjua halina ladha.

Shangazi ameshaniagiza nimletee Mwana wa Yungi Hulewa kwa mara ya pili. Anadai kwamba mara ya kwanza nilisoma haraka haraka, na kwamba kuna mtu mmoja humo ambaye bado hajaridhika na maelezo ya nasaba yake.