Sitiposti imegoma kutoka kwenye fremu ya chuma: nini ununue kwanza, nini mwisho

Watu wengi sitiposti (lile bomba la siti ya baiskeli) ikigoma wanakimbilia kununua kopo la dawa ya kutu, wanapuliza, wanasubiri, wanapuliza tena mpaka kopo linaisha na kitu kiko palepale. Dawa sio mbaya ila mara nyingi kinachokosekana ni nguvu ya kuzungusha, kwa hiyo nimepanga vitu kwa mpangilio ambao ningenunua mimi.

Ila kabla hela haijatoka chukua sumaku, hata ya spika mbovu, iguse kwenye sitiposti. Ikinasa ni chuma, basi ni kutu tu hiyo. Isiponasa karibu hakika ni aluminiamu na hapo ugomvi ni mwingine, maana aluminiamu na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu, hasa wenye chumvi kama jasho, aluminiamu ndo inaliwa na inatoa unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko ilivyokuwa mwanzo, unabana pande zote. Hiyo sumaku ndo itakuamulia nusu ya manunuzi.

1. Vaisi (jiliwa, kile chombo cha kubania vitu) kubwa iliyofungwa kwenye meza nzito. Hii namba moja na sioni mpinzani, na kama kuna fundi anayo muombe, usinunue kabisa. Toa siti, toa magurudumu, legeza ile bolti ya kubana na uitoe mazima, geuza fremu miguu juu ubane kichwa cha sitiposti kwenye vaisi, alafu fremu yenyewe ndo inakuwa mpini wako. Shika mbele kwenye shingo na nyuma kwenye fremu, zungusha polepole, usirushe. Chora mstari kwa maka pale sitiposti inapoingia, sababu ikisogea hata milimita moja macho hayataona bila mstari. Utasikia ukelele mbaya wa kukwaruza, hiyo ni habari njema. Ila ukiona fremu inajipinda na mstari uko vilevile, acha, bomba za fremu za zamani nyingine ni nyembamba sana. Spana ya mabomba inafanya kazi hiyohiyo ila inatafuna sitiposti na mpini ni mfupi, naiweka chini ya vaisi.

2. Mafuta ya kupenya. Nunua yaliyoandikwa kabisa kuwa ni ya kulegeza kutu. WD-40 ile ya kawaida ilitengenezwa 1953 kwa kufukuza maji, inasaidia kidogo ila sio fundi wa kazi hii. Tia kwa juu, alafu geuza fremu utie na kwa chini kupitia matundu ya bolti za kishikio cha chupa au utoe ekseli ya katikati ya fremu, ile inayobeba mikono ya pedali, umwage kwa ndani, na uache siku kadhaa, sio dakika kumi. Kwa sitiposti ya chuma haya ndo mkombozi, kwa aluminiamu usitegemee sana.

3. Spreyi ya kugandisha, kwa wenye aluminiamu. Aluminiamu inatanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukiipoza sitiposti inajivuta ndani na ule unga unapasuka. Ndo maana kuwasha gesi na kuchoma fremu yenye sitiposti ya aluminiamu ni kuikaza zaidi, na rangi inaungua bure. Joto lina maana kama vyote ni chuma, na hata hapo hitagani (mashine ya kupuliza hewa ya moto) inatosha. Spreyi peke yake haitoi kitu, puliza huku vaisi inasubiri.

4. Majani ya heksoo (msumeno wa kukatia chuma), pakiti nzima. Bei ndogo, kazi ya jasho. Unakata sitiposti ukiacha sentimita tatu nne nje, unaingiza jani kwa ndani ukiwa umelizungushia kitambaa, unachana kwa urefu mpaka chini, mstari mmoja au miwili, alafu unaikunja kwa ndani na koleo. Angalia unga unaotoka, ukiwa mweupe unang'aa bado uko kwenye aluminiamu, ukianza kuwa mweusi na jani linakwaruza tofauti simama hapohapo, umeshafika kwenye fremu.

5. Kostiki soda. Mwisho kabisa, na kwa aluminiamu tu. Inayeyusha aluminiamu na chuma inakiacha, kweli, ila inatoa haidrojeni inayoshika moto, inachemka yenyewe, inakula rangi na ngozi na macho. Glavu ndefu, miwani ya kufunika, nje kwenye hewa, na soda ndo inatiwa kwenye maji, kamwe sio maji kwenye soda. Kama kuna watoto au huna subira, lipa fundi.

Nyundo sijaiweka kwenye orodha makusudi.

Ikishatoka, safisha ndani ya bomba kwa msasa uliozungushiwa fimbo, pima upana wake kwa venia (kile kipimo cha kubana) kabla ya kununua nyingine maana milimita 27.2 ndo ya kawaida ila fremu za zamani zina 26.8, 26.6, 25.4 na nyinginezo, na tofauti ya milimita 0.2 inatosha icheze au isiingie kabisa. Na ununue grisi, paka sitiposti yote inayozama ndani, alafu iwe inatolewa na kupakwa tena kila mwaka.